Skuna (meli ya matanga) ya kigeni ikikimbilia bandari ya koloni, nani alikuwa anailinda?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimekuwa nasoma juu ya zile meli za uvuvi za Marekani zilizokuwa zinaenda Newfoundland wakati ni koloni la Mwingereza, nikakuta mwaka 1905 koloni lilitunga sheria ya meli za uvuvi za kigeni, kali kwelikweli, alafu ndani yake kuna kifungu kinasema haki zilizotolewa kwa mkataba haziguswi. Sasa si ni sawa na kufunga mlango alafu ufunguo unauacha nje? Hao wageni walilindwa kweli au ni maneno ya karatasini tu?

JIBU: Asante sana ndugu msomaji. Walilindwa, ila ulinzi wenyewe ulitoka London, koloni halikuwa na uwezo wa kuufuta hata likasirike vipi, na ndo maana hicho kifungu ilibidi kiwemo.

Mzizi wa yote ni mkataba wa tarehe 20 Oktoba 1818 kati ya Uingereza na Marekani. Wamarekani waliruhusiwa kuvua milele kwenye pwani zilizotajwa kwa majina, upande wa kusini wa Newfoundland toka Cape Ray hadi visiwa vya Rameau, magharibi na kaskazini hadi Quirpon, halafu visiwa vya Magdalen na pwani ya Labrador. Kwingine wakaachia haki ya kuvua ndani ya maili 3 za baharini, lakini wakabakishiwa ruhusa ya kuingia bandarini kwa mambo manne, kujikinga na dhoruba, kutengeneza chombo kilichoharibika, kununua kuni na kuchota maji. Basi. Chambo hakimo humo.

Na chambo ndo kilileta balaa lote. Nahodha kaingia na tanga limechanika, hapo yuko kwenye haki yake kabisa, hakuna wa kumgusa, ila mwenyeji akija na mashua imejaa samaki wa chambo na nahodha akanunua hata kidogo tu, nahodha ameshavunja sheria. Mei 1886 Kanada, nayo chini ya Mwingereza na mkataba huo huo, iliikamata skuna iitwayo David J. Adams kule Digby kwa tuhuma za kununua chambo. Newfoundland ya 1905 ikaenda mbali zaidi, ofisa anapanda melini anapekua, akikuta chambo, barafu au vifaa vya uvuvi vinahesabika kuwa ushahidi kwamba umevinunua humo humo, kazi ya kujitetea ni yako. Mimi naona hapo walikosea kabisa, maana mvuvi aliyetoka pwani ya mkataba, ambako anaruhusiwa kuvua, lazima awe na samaki na nyavu melini, sasa atathibitishaje kwamba hajanunua? Marekani ililalamika kwa hoja kama hiyo hiyo, na Uingereza ikajibu kwa kuonyesha hicho kifungu ulichokiona wewe. Ila tusiwaonee wenyeji, waziri mkuu wao Robert Bond alishafanya makubaliano na Marekani mwaka 1902 ili samaki wao waingie soko la huko kwa nafuu, Seneti ya Marekani ikayakwamisha, na chambo ndo silaha pekee iliyobaki mkononi.

Swali gumu zaidi lilikuwa hili, mgeni mwenye haki ya mkataba anafuata sheria za pale au hafuati? Januari 1878 kule Fortune Bay, siku ya Jumapili, Wamarekani walitupa majuya kuvua heringi wakati sheria ya koloni inakataza kuvua Jumapili, wenyeji wakawavamia kwa hasira, juya likararuliwa na samaki wakaachiwa baharini. London mwanzoni ilisema wageni walipaswa kutii sheria za pale, mwishowe 1881 ikalipa pauni 15,000.

Jibu la kisheria lilipatikana The Hague, Uholanzi, tarehe 7 Septemba 1910, kwenye baraza la usuluhishi chini ya mwanasheria wa Austria, Heinrich Lammasch. Walisema Uingereza, na koloni kwa niaba yake, inaweza kutunga kanuni za uvuvi bila kuomba ridhaa ya Marekani, lakini ziwe za haki na zisivunje mkataba, na kukiwa na ubishi koloni haliwi hakimu wa kesi yake lenyewe. Kwa hiyo ule ufunguo ulioachwa nje haukuwa uzembe, mwenye nyumba hakuwa na mamlaka ya kuuficha.

Na kuhusu zile sababu nne za kuingia bandarini, baraza lilisema huo ni ukarimu na utu, meli iliyokimbia dhoruba haiwezi kudaiwa kwanza ada ya taa wala ya bandari. Ikikaa zaidi ya saa 48 ndo inaweza kutakiwa iripoti forodhani, nahodha aende mwenyewe au atume telegramu.