Ukienda Kuhesabu Ndege, Daftari Usimwazime Mtu

Juzi usiku nilikuwa namalizia sare za shule za mteja mmoja wa Igoma, ujumbe ukaingia kwenye simu. "Shikamoo dada. Nimemaliza diploma tangu mwaka jana, nipo nyumbani Buswelu, ajira hakuna. Huwa nasoma unavyoandika habari za ndege wa ziwani. Na mimi nataka kujitolea kuhesabu. Nianzie wapi? Na cheti kinatolewa?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikujibu mistari miwili tu kwa kuwa mwenye sare alizitaka asubuhi. Jibu lenyewe ni hili, na naliweka hapa kwa sababu si wewe peke yako unayeuliza. Najua mpo wengi mnaotamani kuamka alfajiri mkatazame kile ambacho majirani wanakipita kila siku bila kugeuza shingo. La cheti nitalifikia. Linanigusa mahali ambapo bado panauma.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Mkuyuni. Sijasomea wanyamapori. Vijana wanaotoka chuo cha Pasiansi wananizidi kwa majina ya Kilatini, na sioni haya kuwauliza. Nilianzia Saanane, Novemba 2021, nilipomsindikiza mtoto wa dada yangu na darasa lake. Kisiwa kile kilikuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na hata ukijumlisha maji yake hakifiki kilomita 3 za mraba. Kutoka Capri Point ni dakika chache tu kwa boti. Watoto walikimbilia pimbi na swala. Mimi nilibaki kwenye mawe na mwongozaji, akanipa darubini yake nimwone ndege mdogo wa kahawia, tumbo jeupe, asiyeweza kusimama bila kutikisa mkia.

"Huyo ni kitwitwi," akaniambia. "Ametoka Ulaya. Kwao sasa baridi inaingia, amekuja kula kwetu."

Kile kindege ni chepesi kama yai la kuku. Nilirudi nyumbani nikiwa kimya, na usiku nilishona suruali nikafumua, nikashona tena. Hivi kinawezaje?

Watu wakisikia ndege wa majira ya baridi hudhani tunasema Juni na Julai, Mwanza inapokuwa na upepo wa asubuhi na mtu anatafuta sweta. Hapana. Baridi ni ya kwao. Ziwa na ardhi ya kule vinaganda, wadudu wanatoweka, ndege wanafuata chakula kusini. Kitwitwi huanza kufika hapa Agosti. Mbayuwayu wenye koo jekundu na wengine wengi wanajaa Novemba, na ikifika mwisho wa Aprili wengi wameshaondoka. Januari ndiyo mwezi wa kuhesabu, maana wametulia, hawapo safarini. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika Januari tangu mwaka 1967, na kwa Afrika ikawekewa utaratibu wake kuanzia 1991. Ukikaa juu ya jabali Luchelele na kalamu mkononi, jua kwamba wiki hizohizo kuna mtu Uholanzi anahesabu kando ya maji yake, amevaa glavu.

Sehemu ninayojitolea huioni kwenye ramani ya watalii. BMU ya mwalo wetu, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi pale, upande wa Nyegezi, waliitenga kuwa mazalia ya samaki. Ni mafunjo, majabali mawili makubwa, na kighuba ambacho mtumbwi hauruhusiwi kuingia. Unaizunguka yote kwa mguu kwa dakika 40. Na mwaka wa kwanza, mdogo wangu, sikuhesabu ndege hata mmoja. Niliokota chupa. Nilivuta gugumaji lililosukumwa na upepo. Nilikata vipande vya timba vilivyonasa kwenye mafunjo. Nyavu zile hazionekani majini na hazina haraka ya kuoza, kwa hiyo ikichanika ikatupwa inaendelea kuvua bila mwenyewe. Asubuhi moja nilimkuta mnandi amefungwa mabawa yote mawili. Nilimkata nyuzi kwa mkasi wangu wa kazi, naye akanichana kidole cha shahada kwa ule mdomo wa ndoano. Alama ipo mpaka leo na naionyesha kwa furaha.

Mzee mmoja anayeshona nyavu pale mwaloni alikuwa ananitazama tu siku zote hizo. Baada ya yule mnandi ndipo akaniita. "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia, nikakaa. Tangu siku ile amekuwa mwalimu wangu. Ndiye aliyenionyesha mti wenye kiota cha furukombe, na saa ambayo yangeyange wanaondoka kulala, na mahali kiboko anapotokea kwenda malishoni. Hayo huyapati kwa kumpigia simu mkurugenzi wa mahali popote. Kwa hiyo swali lako la nianzie wapi, anzia kwenye uchafu. Okota. Vuta gugumaji. Salimia watu. Na uandike ulichokiona, siku hiyohiyo.

Kuhesabu kwenyewe nilijifunza kutokana na vifungo. Fundi hahesabu vifungo kimoja kimoja. Anazoesha jicho kumi zinakaaje, halafu anahesabu makumi. Kundi la ndege ni vilevile. Angalia kumi wanachukua nafasi gani kwenye jabali, kisha hesabu kumi kumi hadi mwisho, rudia mara 3, andika zote tatu. Simama palepale, saa ileile. Darubini yangu ni ya mtumba, nimeipata Mlango Mmoja, imeandikwa 8x40, yaani inavuta mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 40. Inatosha. Ya kuvuta sana hutetemeka mkononi. Na usisimame ndani ya maji hata siku moja, kichocho kipo.

Sasa niwasimulie la pete.

Januari 2023. Pale mwaloni shakwe wanakuja kwa sababu ya dagaa wanaoanikwa. Wenyeji ni wale wadogo wenye mdomo na miguu myekundu na kichwa cha kijivu. Lakini kuanzia Novemba wanachanganyika na wakubwa zaidi, miguu ya njano, na mgongo mweusi. Nausema weusi ule kama fundi: si mweusi wa suruali iliyofuliwa mwaka mzima, ni mweusi wa kitambaa cha suti kinachokatwa leo kutoka kwenye jora. Asubuhi ile mmoja wao aliinua mguu kujikuna, nikaona pete ya plastiki yenye maandishi, zile ambazo watafiti huwavisha ndege ili wajulikane wakionekana kwingine.

Nilipiga picha kwa simu. Ikatoka ukungu. Nikasoma alama tatu, ya nne ikaniponyoka, na sikuandika hata hizo tatu, nikijiambia nitazikumbuka. Kufika nyumbani nilikuwa na mbili tu. Nililia, kweli. Siku ya pili hayupo. Ya tatu yupo, lakini amekaa chini, miguu haionekani. Nilikwenda asubuhi 9 mfululizo, wateja wananipigia, gauni la harusi limening'inia halina mikono. Asubuhi ya tisa manyunyu yalikuwa yanashuka, akasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mita 30 hivi kutoka kwangu, akageuka pole pole kama anayejionyesha. Alama nne zote. Kalamu ikagoma kwa kulowa. Nikatoa chaki ya kushonea mfukoni nikaziandika kwenye mkono wa koti langu.

Mpwa wangu alinisaidia kutuma barua pepe kwenye makumbusho ya elimu viumbe ya Helsinki, maana ofisi ya pete za ndege za Ufini iko huko. Baada ya wiki 3 jibu likaja. Alivishwa pete mwezi wa Julai akiwa kinda asiyeweza kuruka, kisiwani pwani ya Ufini. Ukivuta uzi ulionyooka kutoka kule hadi mwaloni kwetu ni karibu kilomita 7,000, na wao hawaji kwa mstari ulionyooka. Wengi hushuka kupitia mashariki ya Mediterania na bonde la Nile. Kwao jamii hiyo imepungua sana, na sehemu kubwa ya waliobaki inategemea maziwa yetu, hili letu likiwa la kwanza. Nililisoma jibu lile kwa sauti mwaloni, akina mama waliokuwa wanageuza dagaa wakasimama kunisikiliza. Mmoja akasema, "Kumbe tunalisha wageni wa mbali hivyo." Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama siku ile. Nalisema waziwazi.

Miezi miwili baadaye likanipata lililonipata. Alikuja afisa wa ofisi moja, na niseme mapema si ya kisiwani wala si BMU. Alikuja na gari, akanisifu sana, akaomba daftari langu kwa siku mbili tu, "tuingize takwimu zako kwenye mfumo." Misimu yangu yote ilikuwa humo. Kila Jumamosi, kila mnandi, kila mdiria aliyeelea juu ya maji akajitupa. Nikampa. Nilijisikia fahari kumpa.

Siku mbili zikawa mwezi. Simu ikaacha kupokelewa. Mwezi wa tisa rafiki yangu aliyekwenda kupika kwenye semina hotelini akanitumia picha ya ukutani: hesabu zangu, zile makumi zangu, na pete yangu, chini limeandikwa jina la mtu ambaye hajawahi kukanyaga mwalo ule. Nilimpata yule afisa kwa namba nyingine. Alinijibu hivi: "Mama, si ulijitolea? Sasa unadai nini?"

Sikudai fedha. Nilitaka daftari langu. Halijarudi hadi leo ninapoandika.

Msimu uliofuata, Novemba 2023 hadi Machi 2024, sikwenda. Nilikaa na cherehani yangu na hasira yangu. Mzee wa nyavu alituma mtu mara mbili kuniulizia, nikasema naumwa. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana kosa la yule bwana ni lake, lakini hili ni langu. Msimu ule hakuna aliyehesabu pale. Hakuna. Buabua walikuja wakafuata yale mawingu ya vijidudu yanayopanda ziwani kama moshi, wakaondoka, na hakuna anayeweza kusema walikuwa 40 au 400. Pengo lile haliwezi kushonwa. Ndege hawakunikosea chochote, nami niliwaadhibu wao.

Kujitolea si kujidharau. Tumezoeshwa kwamba anayefanya kazi bila malipo hana haki ya kusema kitu, ashukuru kwa soda na biskuti. Vijana, mkatae. Kabla hujavua viatu kuingia kwenye tope, uliza: hesabu zangu zitakwenda wapi, na jina langu litaandikwa? Akikasirika mtu kwa swali hilo, umeshamjua, rudi nyumbani. Wapo wasiokasirika, na ndio wengi. Mwenyekiti wetu wa BMU alinipa barua yenye mhuri siku niliyorudi, sikuiomba, imeandikwa nilichofanya na tangu lini. Hicho ndicho cheti nilicho nacho, na kiko kwenye fremu juu ya cherehani. Kwa hiyo cheti huenda utapata, huenda usipate. Omba barua. Lakini andika kwanza. Asiyeandika hana cha kuandikiwa barua.

Nilirudi Novemba 2024. Sasa natumia kaunta buku la kwaya mbili, jina langu kwenye jalada na kwenye kila ukurasa, tarehe, saa, upepo, na kila jioni kabla sijala napiga picha kurasa za siku hiyo na kumtumia mpwa wangu azitunze. Anayehitaji takwimu nampa picha. Daftari hapewi mtu, awe na gari la aina gani. Nimeliambia hata hilo darasa la mtoto wa dada yangu, watoto wa darasa la tano, na mwalimu wao akalirudia ubaoni.

Kuna jambo moja la Aprili nakusihi usilikose hata ukichoka kuamka. Buabua wa mabawa meupe wakija huwa wamepauka, kijivu na nyeupe, huwezi kuwatilia maanani. Karibu na kuondoka wanabadilika: kichwa na mwili vinakuwa vyeusi kabisa, mabawa yanabaki meupe. Unawaona wiki hii wana mabaka meusi, wiki ijayo zaidi, kama kitambaa kinachotiwa rangi mbele ya macho yako. Halafu asubuhi moja ziwa ni tupu.

Yule shakwe wa pete sijamwona tena tangu Februari 2023. Natazama miguu ya kila mmoja anayetua kwenye mitumbwi.

Jumamosi hii nipo pale kuanzia saa 12 na robo asubuhi. Panda daladala ya Nyegezi, ukishuka stendi nipigie nikutumie bodaboda anayepajua. Vaa gambuti. Kaunta buku ninalo la ziada, halijaandikwa kitu. Jina la kwenye jalada utaandika mwenyewe.