Mlinzi wa zamu ana siku 28 au 14?

SWALI: Nina hoteli ndogo. Mlinzi wangu anaingia siku nne, ofu siku nne. Mwaka huu amekwenda likizo mara tano, kila mara zamu nne, na karatasi yake bado inaonyesha ana siku 8. Mhudumu wa ukumbi namwita kukiwa na harusi tu. Ana mwaka sasa, na amefanya kazi siku 104. Likizo zao nizihesabuje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Umekata zamu kwenye siku za kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo, na humo zimo ofu, Jumapili na sikukuu. Kwa mlinzi wako, siku 28 zina zamu 14 kwa wastani. Ukikata kwa zamu, anzia 14. Ukikata kwa kalenda, anzia 28 na uhesabu ofu zilizomo. Ameshapumzika zamu 20, yaani sita zaidi. Tafadhali usimkate mshahara. Karatasi umeijaza wewe. Rekebisha kuanzia mzunguko ujao wa likizo, yaani miezi 12 ijayo ya kazi.

Kwa mhudumu, shika kipimo ambacho sheria inakitumia kumlipa likizo anayeacha kazi: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kijaribu kwanza kwa mlinzi: zamu 182 kwa mwaka, gawa kwa 13, unapata 14 zilezile. Basi 104 gawa kwa 13 ni 8. Kama siku yake ni Sh 15,000, mpe Sh 120,000 mkononi kabla hajaondoka, kisha usimwite siku 28. Wengi husema, "Kwaresima harusi hamna, hiyo ndiyo likizo yako." Hapana. Siku ambazo hukumwita si likizo. Siku za kuugua nazo zisikatwe humo.

Hesabu yote inasimama kwenye daftari la mahudhurio. Zamu ya saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni moja: andika tarehe aliyoingia. Ikiandikwa jioni na tena asubuhi, zamu 182 zinageuka 364.

Likizo itoke ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha. Kuisogeza hadi miezi 12 kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi na sababu ya kweli ya kikazi. Ridhaa hiyo ichukue kwa maandishi.