Kope kutulia si ruhusa ya kuingiza LMA kwa mtoto

Usifanye hivyo, mkuu. Umeandika una mtoto wa kilo 16 wa kupasuliwa ngiri kesho, unauliza kati ya dawa za usingizi propofoli, thiopentoni na ketamini ipi inafaa kwa kuingiza LMA (mpira wa kupitisha hewa unaokaa kooni juu ya nyuzi za sauti) na ipi inamwamsha mapema, halafu ukaongeza kwamba kuna mtu kakushauri "choma thiopentoni 5 mg kwa kilo, kope ikitulia ingiza". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na mkubwa wangu kazini. Nikayafuata.

Mgonjwa wangu alikuwa mtoto wa kilo 14. Nilichoma thiopentoni, nikagusa kope, haikucheza. Nikasukuma LMA namba 2. Ilipogusa nyuma ya ulimi alikohoa mara moja, akaing'ata, kisha kifua kikawa kinabonyea ndani huku tumbo likipanda, hewa haipiti. Nyuzi za sauti zilikuwa zimejifunga. Nikaitoa, nikambana barakoa usoni na oksijeni 100%, nikabana mfuko wa kusukumia hewa: haupungui hata kidogo. Ule mlio wa oksimita unaozidi kuwa mzito oksijeni inaposhuka, mpaka leo nikiusikia mikono inaingia baridi. Midomo ikawa ya bluu. Na saksa (saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli inayofungua nyuzi za sauti) ilikuwa bado kwenye kichupa! Nesi anaivuta, mimi nahesabu mapigo ya moyo yanavyopungua. Ilipoingia pamoja na atropini, dawa ya kupandisha mapigo ya moyo, koo likafunguka, mtoto akarudi. Mama yake alikuwa nje ya mlango ule ule.

Yule mkubwa alinijibu, "hutokea". Hapana, haikutokea tu. Thiopentoni inalaza ubongo lakini koo inaliacha macho. Propofoli ndiyo inayolilegeza koo na taya, tena watoto wanahitaji nyingi kwa kila kilo kuliko mtu mzima. Mimi natumia 3 mg kwa kilo, na lidokaini (dawa ya ganzi) kidogo maana propofoli inauma mshipani. Mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo anajua tofauti hiyo, na alikuwa na wajibu wa kuniambia. Ketamini nayo inaacha taya limekaza na mate yanajaa.

Sasa shika hili, liwe la dawa yoyote utakayopata. Weka vidole nyuma ya pembe za taya, lisukume mbele kwa nguvu. Akikunja uso, akizuia pumzi, akisogeza hata kidole cha mguu, bado hajalala kiasi cha LMA. Ongeza dawa, au mvutishe sevoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, ukiwa nayo, subiri, sukuma tena. Taya likija lote bila yeye kujibu, ndipo ufungue mdomo.

Na kesho, kabla hajaletwa mezani, saksa na atropini ziwe tayari kwenye sindano, zimeandikwa majina na dozi ya kilo 16. Usimwachie mtu akuvutie wakati mtoto ameshabadilika rangi.