Bei ya Kariakoo siyo bei mpaka ifike jikoni kwako

Sisi tulihamia Makabe 2019, huku pembeni ya Dar, ndani ukishatoka Mbezi Mwisho, nyumba ikiwa bado pagale, madirisha tumeziba na mabati, na wakati huo hata ile stendi kubwa ya mabasi pale Mbezi ilikuwa haijafunguliwa (ilifunguliwa Februari 2021). Naandika hii kwa sababu wadogo zangu wawili wanataka kuhamia pembeni ya mji na wote wananiuliza swali moja, eti huko maisha si rahisi? Kodi ya kupanga utakuwa umeikwepa kweli. Lakini hela uliyookoa kwenye kodi inaondokaga kidogo kidogo kwa vitu ambavyo hujawahi kuviweka kwenye hesabu.

Mimi nilikuja na akili ya mjini, kwamba dukani kwa Mangi kila kitu ghali kwa hiyo vitu vyote nitakuwa nafuata Kariakoo mwisho wa mwezi. Basi mwezi wa kwanza nikabeba unga kilo 25, mafuta dumu la lita 10, sukari na sabuni, nikipiga hesabu za haraka naona nimeokoa kama 6,500 ukilinganisha na bei ya kwetu. Nikafurahi. Sasa ngoja, jamaa wa kunibebea mpaka kituoni 1,000, nauli kwenda na kurudi pamoja na konda kunitoza ya mzigo 2,800, boda kutoka Mbezi Mwisho mpaka nyumbani 3,000 maana kaona dumu akasema hiyo siyo abiria mmoja. Jumla 6,800! Yaani nimeamka asubuhi, nimesukumwa, nimeumia mgongo siku mbili, na hasara ya mia tatu juu. Mangi alivyoniona nashusha akacheka tu, "mama si ungeniambia, mimi guta langu linaenda huko kila Jumanne".

Tangu siku hiyo Kariakoo nafuata vitu vyepesi ambavyo bei yake imepishana sana na ya huku, kama iliki na pilipili manga, nguo za watoto, madaftari ya Januari, vyombo. Kitu kizito chenye tofauti ya mia mia, namwachia Mangi. Na ukiwa unalipa kwa wakati huyo mtu anakuagizia hata kitu ambacho hauzi, ila daftari la madeni likishafika kurasa mbili usishangae ukiambiwa sukari imeisha wakati gunia unaliona.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa friza. Hili naomba mnisikilize vizuri. Nilishawishika na bei za samaki soko la Feri, ukienda alfajiri unapata wa kutosha, nikasema nanunua friza napanga samaki wa mwezi mzima na kuku juu. Tulikuwa tunatumia umeme kama yuniti 60 kwa mwezi, na ukiwa kwenye ile tarifu ya majumbani ya watumiaji wadogo yuniti 75 za mwanzo ni shilingi 100 kila moja, ukivuka hapo kila yuniti inayofuata ni 350. Friza ikatupeleka yuniti 95. Piga mwenyewe, mwanzo tulikuwa tunalipa 6,000, sasa 7,500 kujumlisha 7,000 za zile 20 zilizozidi, inakuwa 14,500, hapo kodi na makato mengine bado. Yuniti zimeongezeka 35 tu lakini bili zaidi ya mara mbili! Halafu umeme ukakatika siku nzima mwezi wa nne, tukala samaki mchana, usiku na asubuhi mpaka mtoto akaniuliza mama leo tena? Friza nimemuuzia dada mmoja mwenye genge la juisi, yeye inamlipa. Samaki nanunua kwa anayepita na baiskeli na ndoo, ghali kidogo, lakini naangalia macho na mashavu, nachukua wa siku hiyo, basi.

Na kama umehamia nyumba yako msishtuke, ukinunua LUKU mara ya kwanza ndani ya mwezi inakatwa kodi ya jengo 1,500, ndiyo maana yuniti zinakuja chache, siyo kwamba umeibiwa.

Gesi. Usinunue mtungi mmoja wa kilo 15 ukadhani umemaliza. Wetu uliisha Jumapili saa mbili usiku mvua za masika zinapiga, duka la karibu lina ya kilo 6 tu, ile mikubwa iko barabarani na boda hakuna anayetaka kushuka ule mteremko wetu na tope. Maharage yalibaki hayajaiva, tukalala na mkate. Sasa hivi nina midogo miwili, mmoja unawaka mmoja unasubiri. Na mwambie muuzaji aupime kwenye mzani mbele yako, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa pale juu, unatoa unapata gesi yako, akianza kununa nenda kwingine.

Nyanya na mboga ni genge tu, lakini nenda jioni mama anapomalizia, fungu la jero linakuwa na nyanya sita badala ya nne. Au mnachanga majirani watatu mnanunua sado moja mnagawana.

Kabla hujanunua kiwanja au kupanga, tembea huo mtaa uangalie fremu. Mimi nimeona mtaa wetu unavyokua, kwanza inakuja hadiwea, halafu baa, halafu duka la Mangi na wakala wa kutoa hela, saluni, na duka la dawa muhimu linachelewa kweli. Ukikuta hadiwea tupu na baa ujue hata panadol utaifuata kwa boda, na usiku bei ya boda anaipanga yeye.

Kitu ambacho sisi hatuna mpaka leo ni mashine ya kusaga. Wakwe zangu wanatuma mahindi kutoka Songea lakini kukoboa na kusaga mpaka barabarani, boda kwenda, boda kurudi, nishawaambia hesabu zake mnazijua. Jumamosi fremu moja mpya hapo kona wameipaka rangi na fundi anavuta waya mnene mnene, mume wangu anasema ni bucha, mimi nimepita mara tatu nachungulia, nahisi zile nyaya siyo za bucha.