Fensi, wadogo zangu, fensi!

Wiki hii nimepitia misimbo ya watatu kati yenu, yote ina ugonjwa mmoja: GL_MAP_UNSYNCHRONIZED_BIT (biti ya OpenGL ya kuandika data za picha bila draiva kungoja) imebandikwa, fensi (alama ya kujua kwamba GPU, chipu ya picha, imemaliza) haionekani popote. Nawapenda, ndiyo maana nawasema kabla hamjafika kwa mteja.

1. Tenga bafa (kumbukumbu inayoshika data za kuchora) mara moja, programu inapoanza. Kuunda na kufuta kila fremu ni kuichosha draiva bure.

2. Indeksi (mpangilio wa vipeo, yaani nukta za umbo) na UV (nafasi za picha inayofunika umbo) za maji mnayochora hazibadiliki. Mbona mnazituma mara 60 kwa sekunde?

3. Hapa tukae. Nilikuwa na jahazi baharini: tanga linalopepea, na maji ya vipeo 256 kwa 256, yaani 65,536, baiti 12 kila kimoja. Haifiki hata megabaiti moja, lakini picha ilikwamakwama, kwa sababu kila nilipofungua bafa niandike, CPU ilisimama kungoja GPU imalize fremu iliyotangulia. Nikaweka ile biti. Mkwamo ukaisha siku hiyohiyo, nikalala fofofo.

Kumbe biti ile haifuti haja ya kungoja. Inaiambia draiva kwamba kungoja ni kazi yako, na mimi sikungoja popote. Bafa ilitosha fremu moja tu, na vitu nilivipanga kwa umbali, hivyo palipokuwa na maji fremu hii huenda pakawa na tanga fremu ijayo. Kwenye mashine yangu GPU iliwahi kumaliza, wiki tatu nzima. Kwenye laptopu ya mteja haikuwahi. Kipande cha bahari kikapaa hadi mlingotini, cha buluu, kina umbo la tanga. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Kijana, hayo maji yamefanyaje?" Nilikosa la kumjibu. Usiku kucha nikalaumu sheda (programu ndogo za GPU), kisha hesabu za mawimbi. Zote zilikuwa sawa.

Gawa bafa vyumba vitatu, kila fremu na chumba chake. Ukishachora, weka fensi kwa glFenceSync. Kabla ya kurudi chumba hicho, ita glClientWaitSync ingoje fensi hiyo. Zipo tangu OpenGL 3.2, mwaka 2009! OpenGL 4.4 ya 2013 inakuruhusu kuiacha bafa wazi muda wote, lakini fensi bado ni juu yako.

4. Usisome ulipofungua kwa kuandika. `v.y += h` nako ni kusoma. Piga hesabu pembeni, kisha andika mfululizo.

5. Aliyeniuliza jana kama glFinish (amri ya kungoja GPU imalize kila kitu) inatosha: maji hayatapaa tena, ila utarudi kulekule kwenye kukwama. Kesho njoo na laptopu yako, tuweke hiyo fensi pamoja.