Fundi Anajibu: Diski za breki zichongwe au zibadilishwe?

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Spacio, nakaa Mbezi, kazi yangu iko Posta. Tangu turudi harusini Iringa, nikishuka Kimara nikakanyaga breki usukani unatetemeka hadi bangili zinalia. Nisipokanyaga, gari limetulia kabisa. Mlima Kitonga tuliushuka mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho. Chini tukakuta foleni ya malori, nikasimama nimekanyaga kama dakika tano, harufu ya kuungua imejaa ndani. Fundi wa mtaani kwetu anasema nitupe diski zote mbili za mbele. Wa Buguruni anasema nichonge tu, kununua mpya ni kupoteza hela. Nimsikilize yupi?
Mama Junior, Mbezi

JIBU: Marahaba, Mama Junior. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ambapo mmoja wa hao mafundi ameshika kipimo. Sijapaona. Basi bado usimsikilize yeyote.

Kwanza, diski zako huenda hazikupinda. Tumezoea kusema "diski imepinda", hata mimi nasema nikiwa na haraka. Kwa ulivyosimulia, pedi, zile zinazobana diski ukikanyaga breki, zilichemka mlimani, kisha uliposimama kwenye foleni huku umekanyaga, zikaacha utando wao pale pale zilipobana. Sasa diski ni nene kidogo sehemu moja. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kukuliza bangili. Mlima ule unashukwa na gia ndogo, breki unaigusa na kuiachia, na ukisimama chini breki zina moto, weka gia ya N (huru) uvute hendibreki.

Sasa kuchonga, yaani kula uso wa diski kwa mashine usawazike, au kubadili. Jibu limeandikwa kwenye diski yenyewe. Mwambie fundi avue tairi, afute kutu ukingoni au upande wa ndani karibu na habu (kitako ambacho diski na tairi hufungwa), atafute herufi MIN TH na namba ya milimita. Hiyo ndiyo namba ya mwisho, unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Diski ikifika hapo haichongwi, haibembelezwi. Diski nyembamba hupata moto upesi na hupasuka.

Tuseme imeandikwa 20, na kipimo kinasoma 21.4. Mashine ikila 0.3 kila upande, inabaki 20.8. Chonga, hela yako haijapotea. Lakini kipimo kikisoma 20.4, ukila hizo hizo 0.3 mara mbili umeshavuka mstari. Hapo fundi wa mtaani kwenu ndiye mkweli. Na ukiona ufa unaofika ukingoni, hata diski iwe nene kama chapati ya Tanga, itupe.

Angalizo kwa wanaopima na venia, kile kipimo cha kubana chenye taya mbili. Ukingo wa nje wa diski hauguswi na pedi, kwa hiyo hauliki. Ukibana venia juu ya ukingo huo utasoma unene wa zamani na kufurahi bure. Weka sarafu mbili za shilingi mia mbili, moja kila upande, pale pedi inapopita. Pima vyote kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu zote mbili. Pima sehemu sita au nane kuzunguka diski. Maikromita, kipimo cha skrubu, ni bora zaidi, ila gereji nyingi hazina, na sarafu kila mtu anayo.

Nikuambie kosa langu mwenyewe. Kuna mteja wa Kigamboni nilimchongea diski, baada ya wiki tatu akarudi, usukani unacheza. Nikachonga tena. Akarudi tena, safari hii hakunisalimia. Ndipo nikavua diski nikatazama uso wa habu: kutu ya chumvi ya bahari imejijenga kama ukoko wa wali. Diski ilikuwa inakaa upande, kila mzunguko inaparuza pedi mahali pamoja mpaka inalika vibaya. Brashi ya waya na dakika kumi ndiyo iliyokuwa dawa, nami nilikuwa nimemmalizia chuma chake bure. Tangu siku hiyo sifungi diski, ya kuchongwa au mpya, kabla ya kusugua habu.

Kwako fundi aangalie pia pini za kalipa, ile inayoshika pedi. Zikigoma kuteleza, pedi moja hubana muda wote, na diski mpya utaiua kama ya zamani. Nati za tairi zikazwe kwa kupishana, kwa spana ya kupimia. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Vijana wa mashine ya upepo wanakaza mpaka nati inalia, halafu lawama zinakwenda kwa diski.

Mchongaji naye mchague. Asiyejua kuiweka diski sawasawa kwenye mashine anakurudishia mbaya kuliko uliyompa. Zikirudi, zioshe kwa maji ya sabuni na uzikaushe. Vumbi la chuma likibaki linaingia kwenye pedi. Kulia na kushoto zote zichongwe, au zote zibadilishwe, na ufunge pedi mpya.

Ukinunua za mtumba kule Gerezani, Dar es Salaam, nenda na venia na sarafu zako. Inayong'aa isikudanganye, nimeona zilizopigwa grenda ili zipendeze, na ndani zimeshafika namba ya mwisho.

Baada ya kufunga, tafuta barabara tulivu alfajiri ili pedi na diski zizoeane. Toka spidi 50 shuka hadi 10, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha endesha zipoe.

SWALI: Fundi, gari langu halitoki siku mbili tatu, nalikuta diski zina kutu nyekundu. Nibadilishe?
Msomaji, Msasani

JIBU: Hapana. Ni chuma na hewa ya bahari tu. Kanyaga breki mara tano sita kabla hujafika barabara kubwa, itafutika. Kama inabaki mistari ya kutu pedi zinapopita, hapo kuna pini iliyogoma. Rudi juu usome nilivyomjibu Mama Junior.