Uzuri wa Filamu Nyeusi na Nyeupe

SWALI: Nina umri wa miaka 22. Baba yangu hushikilia kwamba filamu za Kihindi za zamani zinazishinda za leo kwa mbali, lakini kila nikizijaribu hunichosha kwa urefu na kwa kukosa rangi. Je, uzuri huo umo ndani ya filamu zenyewe, au ni wazee kuukumbuka ujana wao? Nianze na ipi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kumbukumbu za ujana zimo, kwa kuwa wengi wa rika la wazee wetu waliziona picha hizo katika kumbi zilizofurika za Zanzibar na Dar es Salaam, wakatoka wakiimba nyimbo za lugha wasiyoijua. Lakini mimi niliiona "Awaara" ya mwaka 1951 nyumbani, kwenye televisheni ndogo, miaka mingi baada ya kutengenezwa kwake, na ilinishika vilevile. Anza na hiyo.

Raghunath, mwanasheria anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, anamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka tu, baada ya mke huyo kutekwa na jambazi Jagga. Mtoto anayezaliwa, Raj, anafunzwa wizi na Jagga huyohuyo, hata siku moja anashtakiwa kwa kutaka kumuua Raghunath, ambaye sasa ni jaji, na wakili Rita, aliyeigizwa na Nargis, anasimama kumhoji jaji huyo juu ya damu yake mwenyewe. Raj Kapoor, aliyeiongoza filamu na kuwa stelingi wake, alimpa baba yake mzazi, Prithviraj, nafasi ya jaji, na mdogo wake Shashi akawa Raj wa utotoni. Kila nikiutazama uso wa Prithviraj pale mahakamani, nahisi uzito ambao sidhani mwigizaji mwingine angeuleta.

Kuhusu rangi, subiri ndoto ya Raj. Rita yuko juu kwenye ngazi zilizozingirwa na mawingu meupe, Raj yuko chini katika moshi na miali ya moto, na weupe na weusi vinatosha kabisa kuonyesha pepo na jehanamu. Hapo ndipo nilipoacha kuitafuta rangi.

Urefu wake ni wa kweli, kwa hiyo igawe kwa mapumziko, kama kumbi zilivyofanya. Usiitazame kwenye simu, wala usiziruke nyimbo, kwa sababu Raj anapotembea barabarani akiimba kwa furaha kwamba yeye ni mzururaji asiye na kwao, wimbo ndio unaokueleza upweke ambao uso wake unauficha. Mwite na baba yako akae nawe, na akianza kuimba, mwache aimbe.